Nina milioni moja na laki sita, muuzaji ananiambia "i7 ni i7"

SWALI

Shikamoo fundi,

Mimi ni kijana wa miaka 24, niko Tanga. Mwezi huu ni zamu yangu ya kupokea upatu, na nikijumlisha na akiba niliyonayo nitakuwa na shilingi 1,600,000 mkononi. Nimechoka kulipia gemu kwa nusu saa kwenye mabanda ya PlayStation, nataka mashine yangu mwenyewe. Nataka kompyuta kwa sababu huwa narekodi video kwenye harusi na maulidi, na mpaka leo nikitaka kuhariri naazima laptop ya rafiki yangu, nayo inazima kazi ikiwa katikati.

Nilipanda basi hadi Dar nikazunguka Kariakoo siku nzima. Duka moja walinionyesha kompyuta wanayoiita ya gemu: Core i7, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 16, diski ngumu ya TB 1, kadi ya michoro ya GB 4, na kasha la kioo lenye feni za taa za rangi rangi. Bei 1,150,000, na wakanihimiza nilipe siku ileile kabla hajaichukua mwingine. Nilipouliza hiyo i7 ni ya mwaka gani, muuzaji alicheka: "Dogo, i7 ni i7." Mimi nilichungulia stika nikaona i7-4770, na kadi imeandikwa GT 730. Duka la pili wanataka 1,900,000 kuniungia mashine mpya. Hiyo sina.

Mtoto wa mjomba wangu anafanya kazi Maskati na atakuja likizo baada ya miezi miwili. Anasema anaweza kunibebea kitu kimoja kwenye begi, kompyuta nzima hawezi. Nimwagize nini? Jambo jingine, umeme wa mtaani kwetu unapanda na kushuka mpaka feni inabadilika sauti, na friji ya jirani iliungua mwaka huu. Mama naye ameweka masharti mawili: nisimmalizie LUKU, na TV ya sebuleni (inchi 32) isitoke sebuleni.

Gemu zangu ni EA FC, eFootball na GTA V. Na GTA VI ikitoka, mashine ya bei hii itaiweza?

Ni mimi,
Mpokea Upatu, Tanga


JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Hiyo kompyuta ya 1,150,000 iache, hata akikushushia bei.

i7-4770 ni prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta, na ilitoka mwaka 2013. Hiyo i3, i5 au i7 ya mbele inakupa daraja ndani ya kizazi kimoja tu. Kizazi chenyewe kinasomwa kwenye namba inayofuata kistari: 4770 ni cha nne, 12100 ni cha kumi na mbili. Core i3-12100 ya mwaka 2022, ambayo ukiitaja kijiweni watakucheka, ina viini vinne kama hiyo i7 na itaiacha mbali karibu kwenye kila gemu. Isitoshe, Microsoft walifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kuna njia za kuilazimisha, nazijua na mafundi wote wanazijua, lakini kwa nini utoe milioni moja kununua kitu cha kulazimisha?

GT 730 ndiyo mbaya zaidi. Ni kadi ya mwaka 2014, iliyotengenezwa kuonyesha picha kwenye kompyuta za ofisini. Zile GB 4 zinazosifiwa mara nyingi ni kumbukumbu ya DDR3, aina ya zamani ya polepole, na GB 4 za namna hiyo kwenye chipu dhaifu ni ghala kubwa lenye mlango wa kupita mtu mmoja. EA walipotoa FC 25 waliandika kwamba kadi ya chini kabisa ni GTX 1050 Ti au RX 570. GT 730 hata karibu haifiki. Kwa hiyo ulichoonyeshwa ni kompyuta ya ofisi ya mtumba iliyovishwa taa.

Sasa tuingie kwenye yako. Kwa hali uliyonieleza, ningekununulia prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G. Mafundi wengi watakuambia uchukue Ryzen 5 5600 isiyo na G, na hawakudanganyi: hiyo ina kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32 wakati ya G ina MB 16, na ukizifunga na kadi ileile, isiyo na G inashinda kwenye gemu. Shida ni kwamba isiyo na G haitoi picha bila kadi ya michoro, na kadi yako, ambayo nitakushauri umwagize binamu yako, iko Maskati kwa miezi miwili ijayo. Utakuwa na mashine nzima mezani na kioo cheusi. Ya G ina michoro yake ndani. Utaiwasha siku ileile, utahariri harusi zako, utacheza eFootball na GTA V kwa mipangilio ya chini, na FC utaibana zaidi lakini itasukuma siku. Na siku kadi ikifa, mashine inabaki hai. Kwa mtu ambaye kompyuta inamwingizia hela, hilo kwangu lina uzito kuliko fremu (picha zinazopita kwenye kioo kila sekunde) kumi za ziada. Ukikosa hiyo na ukakuta i3-12100 au i5-12400 kwa bei nzuri, chukua, ila hakikisha hakuna herufi F mwishoni. F maana yake haina michoro ya ndani.

Ryzen hiyo inakaa kwenye mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) za soketi ya AM4: A520, B450 au B550. Huhitaji ya kifahari. B450 zilianza kutoka 2018, kabla ya Ryzen za 5000, na ambayo haijasasishwa BIOS (programu ya kuanzishia mashine) haitaitambua prosesa yako. Mwambie muuzaji aifunge prosesa na kuiwasha mbele yako kabla hujatoa hela. Na ukinunua prosesa, iwe na boksi lake na feni yake. Zile zinazouzwa tupu huja bila feni, utajikuta unanunua feni pembeni.

RAM kwa wakati huu ni kichwa kuuma. Bei ilipanda vibaya kuanzia mwishoni mwa 2025, kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye seva za akili mnemba, na kampuni ya Micron ilitangaza Desemba mwaka huo kwamba inaachana na chapa yake ya Crucial iliyokuwa ikiuziwa watu wa kawaida kama sisi. Ndiyo sababu nyingine ya kukuweka kwenye AM4: inatumia RAM za aina ya DDR4, na DDR4 za mtumba zinapatikana kutoka kwenye kompyuta za ofisi zinazoingia nchini. RAM ni kitu ambacho sina wasiwasi nacho kikiwa cha mtumba. Nunua mbili za GB 8, usinunue moja ya GB 16. Prosesa husoma mbili kwa pamoja, na kwa kuwa michoro ya ndani ya 5600G inakopa RAM hiyohiyo, tofauti utaiona kwa macho, hasa miezi hii miwili ya kusubiri kadi. Ziwe za kompyuta ya mezani. Za laptop ni fupi, haziingii. Kama ni za kasi ya 3200, ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kuzipa kasi yake kamili, la sivyo zitatembea polepole kuliko ulivyolipia.

Diski ngumu ya TB 1 aliyokusifia yule muuzaji ni ya kuhifadhia, siyo ya kuendeshea Windows wala gemu. Chukua SSD ya NVMe (diski ya chipu, yenye kasi) ya GB 500. GB 256 usijaribu: FC peke yake inataka GB 100 hivi, GTA V nayo inapita hapo, halafu video zako za harusi zikae wapi? Baadaye tafuta diski ngumu ya kuweka kazi zilizokwisha, na nakala ya pili ikae nje ya kompyuta kabisa. Bibi harusi haelewi habari za diski kuungua.

Hapa ndipo nataka usome polepole, maana ndipo watu wanapobana shilingi elfu hamsini na kupoteza laki tano. Pawa saplai, kile kiboksi kinachogawia mashine umeme. Mashine yako ikiwa na kadi nitakayokutajia itavuta kama wati 250 ukiwa katikati ya gemu. Pawa saplai ya kweli ya wati 450 au 500 inatosha na chenji inabaki. Tatizo ni neno "ya kweli". Makasha mengi ya bei rahisi huja na pawa saplai ndani iliyoandikwa 600W kwa herufi kubwa, na ukiinyanyua ni nyepesi kama boksi tupu. Ndani ya pawa saplai nzuri kuna shaba, vyuma vya kupooza na kapasita za maana, na vyote vina uzito. Alama ya 80 Plus isikudanganye kuwa ni cheti cha kudumu. Inapima umeme unaopotea kama joto, basi. Lakini ambayo haina hata hiyo alama, iache.

Geuza uone nyuma na usome lebo ya pembeni. Kama kuna kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230, hiyo ni ya mtindo wa zamani. Mtoto akikichezea kikaenda 115 wakati ukuta unatoa 230, utasikia mlio na harufu. Unayoitaka imeandikwa 100–240V na haina kiswichi. Hiyo hujirekebisha yenyewe, na umeme wa mtaani kwenu ukishuka hadi taa zikawa njano, itavumilia kuliko zile nyingine. Umeme ukipanda ni habari tofauti, kwa hiyo weka na stabilaiza ya VA 1000 kati ya ukuta na mashine. UPS, yenye betri ya kushika mashine umeme ukikatika, ni bora zaidi, ila kwa bajeti hii itasubiri malipo ya harusi moja au mbili. Mpaka hapo, hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache, na radi ikianza chomoa waya ukutani.

Pawa saplai usinunue ya mtumba. Kasha nunua la mtumba bila aibu. Kwa joto na unyevu wa Tanga, kasha la kioo mbele ni jiko. Tafuta lenye wavu mbele, lenye nafasi ya feni mbili, hata kama limekwaruzika. Usiliweke sakafuni wala dirishani panapoingia upepo wa bahari, chumvi inakula vyuma, na lipulizwe vumbi mara kwa mara.

Binamu yako sasa. Mwagize kadi ya michoro. Ni kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote, kinaingia kwenye begi la mkononi, na ndicho kitu chenye udanganyifu mwingi zaidi sokoni. Mwambie Radeon RX 6600 ya GB 8, mpya, ya dukani, na risiti. Ilitoka Oktoba 2021 kwa ajili ya kucheza kwenye kioo cha 1080p (HD kamili), inavuta wati 132 tu na inatumia waya mmoja wa pini nane, ndiyo maana pawa saplai yako ya wati 450 haitalalamika. Ikikosekana, GTX 1660 Super ya GB 6. Akitajiwa RX 6500 XT akatae: ina GB 4, na imebanwa njia za kuwasiliana na mazabodi, na 5600G yako itaibana zaidi. Aibebe mkononi ikiwa kwenye boksi lake, asiitie kwenye mzigo wa chini ya ndege, na forodha wakiuliza aonyeshe risiti. Udhamini wa duka la Maskati utabaki Maskati, kwa hiyo kabla ya kusafiri aombe waifunge dukani na kuiwasha.

Ikitokea binamu amebadilisha safari na ukalazimika kununua kadi ya mtumba hapa, nenda kwa macho makavu. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipobadili mfumo wake tarehe 15 Septemba 2022, uchimbaji wa sarafu hiyo kwa kadi za michoro ulikufa, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zilimwagwa sokoni. RX 580 ndizo nyingi. Siyo zote mbovu, mimi nina maoni kwamba nyingi zinahitaji feni na pasta mpya ya kupoozea chipu tu, lakini bei yake iwe ya kadi iliyochoka. Ikiandikwa RX 580 2048SP, ujue kimsingi ni RX 570 iliyopewa jina la kaka yake, na bei ishuke ipasavyo. Kuna pia kadi feki kabisa: chipu ya zamani ya GTX 550 Ti imeandikwa upya ionekane GTX 1050 Ti. Ukikuta 1050 Ti yenye tundu la bluu la VGA (la zamani la kupeleka picha kwenye kioo), tilia shaka papo hapo, maana chipu za kizazi hicho hazitoi VGA. Beba programu ya GPU-Z, inayosoma utambulisho wa kadi, kwenye fleshi. Ni ya bure, na feki nyingi za NVIDIA inaziandikia FAKE mbele ya jina. Kisha iendeshe FurMark, programu ya kuichosha kadi, dakika kumi na tano, ukiangalia joto na kama kuna madoa au mistari kwenye kioo. Muuzaji anayekataa kukupa dakika kumi na tano amekujibu.

Hela zako nizigawe hivi. Hii ni mipaka ya bahasha zako, siyo bei za duka fulani, maana dola ikiyumba kila kitu kinayumba: kadi 500,000, hiyo ndiyo ya kumtumia binamu, prosesa 300,000, mazabodi 180,000, RAM 200,000, pawa saplai 150,000, SSD 120,000, kasha 50,000. Hapo umefika milioni moja na nusu, na laki moja iliyobaki ni ya stabilaiza na nauli. Bahasha ikizidi kwenye RAM, punguza kwenye kadi kwa kushuka hadi 1660 Super. Usiguse ya pawa saplai. Lile duka la 1,900,000 sijui walikuwekea nini ndani, lakini waombe orodha ya kila kifaa kwa jina kamili na ulinganishe. Wakikataa kuiandika, ondoka. Kuunga mwenyewe ni kazi ya jioni moja na bisibisi ya nyota, na video za kufundisha zimejaa. Ukiogopa, mlipe fundi wa hapo Tanga.

Kuna watakaokushauri ununue kompyuta ya ofisi ya mtumba, Dell au HP, halafu uichomeke kadi. Kwa mwenye laki saba ni ushauri mzuri sana. Ila zile nyembamba hupokea kadi fupi tu, pawa saplai zake ni ndogo na mara nyingi zina soketi zake zenyewe, kwa hiyo siku ukitaka kukua huna pa kwenda. Wewe una zaidi ya hapo.

GTA VI: hadi naandika, Rockstar wametangaza PS5 na Xbox Series peke yake. Toleo la kompyuta halijatangazwa, kwa hiyo usinunue hata waya mmoja kwa ajili yake.

LUKU ya mama. Wati 250 kwa saa nne ni uniti moja. Ukicheza saa nne kila siku, mwezi unamaliza uniti 30 hivi, ukiacha TV. Swali la kumuuliza mama ni kama nyumba yenu iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi. Kama mko hapo na mnatumia 50, gemu zako zitawavusha mstari huo, na mkitolewa kwenye kundi hilo nyumba nzima italipa bei ya juu, hata kwa uniti za pasi na friji. Kaeni mpige hesabu kabla mashine haijafika, na wewe uchangie LUKU bila kuombwa.

TV iache hapohapo. Nyingi za inchi 32 zinaonyesha fremu 60 kwa sekunde, na nyingi hazifiki hata 1080p, kwa hiyo kadi ya gharama kuliko RX 6600 isingekuonyesha chochote zaidi. Ichomeke kwa HDMI, ingia kwenye mipangilio yake uwashe hali ya gemu, la sivyo utabonyeza pasi na mchezaji atapiga baada ya sekunde. Na kwa kuwa saa za tamthilia ni za mama, pesa ya kwanza ya harusi, baada ya UPS, iwe ya monita ya mtumba ya inchi 22 au 24 yenye 1080p. Zinatoka maofisini kwa wingi. Iwashe rangi nyeupe kioo kizima ukague madoa, na uhakikishe ina tundu la HDMI au DisplayPort, maana RX 6600 haina VGA.